Fungu la Tumbusi

Sogeeni karibu. Wadogo kaeni mbele. Wakubwa mlioegemea ukuta, nanyi nawahitaji, kwa maana hadithi hii ina swali na jibu lake mimi sinalo.

Upande wa kusini, pale mashamba ya mahindi yanapopakana na pori, waliishi ndugu watatu na baba yao, Mzee Menas. Mkubwa, Baltazari, alijaliwa shabaha. Akilenga mara moja, harudii. Wa pili, Otmari, alijaliwa mikono isiyoogopa moto. Aliyeyusha betri kuukuu za gari ndani ya sufuria, akatengeneza risasi nzito, laini, za mviringo kama njugu mawe. Kitinda mimba, Akwilina, alijaliwa mkono wa haki. Akigawa nyama, hata mlafi hurudi kwake kimya.

Mzee Menas naye alikuwa na nadhiri. Ujanani alivunjika mguu porini, akalala huko asiweze kuinuka. Tumbusi wakazunguka juu yake, wakidhani ni mzoga. Watu wakawaona, wakawafuata, wakamkuta hai. Tangu hapo aliagiza kwamba kila mnyama akiuawa, utumbo na mapafu viwekwe juu ya mwamba kwa ajili ya ndege hao.

"Atakayewalisha ndege wangu vizuri kuliko wenzake," aliwaambia wanawe, "nitamrithisha gobore langu."

Mwaka mmoja nguruwe pori walizidi, wakawa wanafyeka mahindi usiku kucha. Baltazari akawapiga, na kijiji kikavuna.

Otmari hakuacha kuchochea moto, na gobore halikulala njaa.

Akwilina akapasua na kugawa, nyumba hadi nyumba. Fungu la tumbusi alilipanga juu ya mwamba kwa adabu, kama anayepakulia wakwe. Ndege wakajaa. Mzee Menas akawa anatoka asubuhi kuwatazama, anacheka peke yake.

"Gobore ni langu," alisema Baltazari. "Nikilenga tu, nguruwe anaandika wosia."

"Bila risasi zangu, kaka, ungekuwa unamkonyeza tu," akajibu Otmari.

"Na bila kisu changu," akasema Akwilina, "mngekuwa bado mnapigania maini."

Wakacheka. Yalikuwa mashindano matamu.

Kisha tumbusi mmoja akaonekana chini ya mwamba, mabawa yameanguka, shingo haishiki kichwa. Kesho yake wakawa wawili. Hawakuwa na jeraha. Waliendelea kufa hadi mbingu ya Mzee Menas ikawa tupu. Akaitwa daktari wa mifugo. Akampasua mmoja, akatoa tumboni vipande vyeusi, vidogo kama punje za ulezi.

"Ni risasi," alisema. "Madini yake ni laini mno. Ikimpiga mnyama inamegeka, vipande vinatawanyika kwenye nyama na matumbo. Ndege akimeza, vinayeyuka ndani yake na kuwa sumu."

Akwilina akamtazama. "Na nyama tunayokula sisi? Na watoto?"

Daktari akafuta kisu chake. "Kata mbali na jeraha," akasema. "Kata mbali sana."

Otmari akajaribu kufua risasi za chuma cha nondo. Zikakwaruza mtutu, zikapita pembeni, na nguruwe wakala shamba zima la mjane. Daktari alisema mijini kuna risasi za shaba, lakini za bunduki nyingine, si za gobore. Akwilina akataka kufukia matumbo. Mzee Menas akatikisa kichwa. "Nadhiri haifukiwi, mwanangu."

Asubuhi moja alibaki tumbusi mmoja tu juu ya mwamba, kichwa kimeinama hadi miguuni. Mzee Menas akaja akichechemea, amebeba jembe.

"Huyu hatamaliza siku," alisema. "Aliyewaua ndege wangu achimbe kaburi."

"Mimi nililinda mahindi," akasema Baltazari. "Risasi sikuzitengeneza."

"Mimi nilitengeneza," akasema Otmari, "lakini sikumwekea ndege yeyote chakula."

Akwilina hakujitetea. Akanyoosha mkono. "Lete, baba. Mimi ndiye niliyewaandalia."

Mzee akalivuta jembe kifuani. "Wewe ulitii neno langu tu." Akajaribu kuchimba mwenyewe. Mguu ukamsaliti, akaketi chini.

Mara sauti ikapaa kutoka mashambani. Alikuwa jirani yao, Mama Gaudensia. "Jamani, nguruwe! Wako kwangu mchana huu! Baltazari, uko wapi?"

Baltazari akamtazama Otmari. Otmari akatazama kopo la risasi. Zilikuwa zilezile, nyingine hazikuwapo. Wakakimbia wote wawili.

Akwilina akabaki na baba yake, jembe kati yao.

Mlio wa gobore ukasikika mahindini.

Juu ya mwamba, yule tumbusi akakiinua kichwa kwa shida, akageukia upande wa sauti. Aliujua mlio ule. Siku zote ulimaanisha kwamba Akwilina anakuja na fungu lake.

"Baba," Akwilina akanong'ona, "nimpelekee nini?"

Mzee Menas alilishika jembe kwa mikono miwili, akiwatazama wanawe wawili wanaorudi wakiburuta nguruwe.

Nami nawaachia hapo. Mmoja alilenga, mmoja aliyeyusha, mmoja aliandaa, na mzee aliweka nadhiri. Je, wewe ungempa nani jembe?