Kwa Nini Mabaraza Mawili Hula Chungu Kimoja

Sogeeni karibu. Na wewe unayekohoa, kohoa upesi umalize, maana kisa hiki husemwa polepole.

Zamani hizo ukungu haukuwa na desturi ya kuondoka asubuhi. Ulilala bondeni mchana kutwa, mweupe, na mtu akipita ndani yake alisahau kidogo alikotoka. Bonde hilo lilikuwa na watu wamoja wenye mabaraza mawili: Baraza la Juu la wazee wa koo, na Baraza la Chini la wakulima waliochaguliwa. Sheria yao ilikuwa kamba ya mgomba. Baraza moja lilifunga fundo, likapeleka kamba kwa jingine. Wenzao wakiridhika waliongeza fundo lao, mambo yakaisha. Wasiporidhika walilifungua, wakafunga wanavyotaka wao, kamba ikarudishwa ilikotoka.

Aliyeibeba alikuwa Naetwe, mjane mwenye shamba la maharage mwisho kabisa wa mfereji.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Ikaletwa sheria ya ndiva, lile bwawa la kugawia maji. Juu wakasema maji yaanze kwao. Chini wakasema, thubutu! Kamba ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, na mlango wa ndiva haukufunguliwa. Si mnajua wapiganapo tembo nyasi huumia? Basi Naetwe ndiye aliyekuwa nyasi. Kila akipita shambani aliona maharage yake yamezidi kuinamisha vichwa, na moyo ukamuuma. Alizipenda mbegu zile. Mama yake alimwachia, naye alipewa na mama yake.

Siku alipokuta yamekauka yote, hakulia. Alikwenda nyumbani, akachukua akiba ya mbegu iliyobaki, akateremka na chungu hadi kwenye jiwe la katikati ya bonde. Akawasha moto, akapika makande. Kamba akaikalia.

Mabaraza yalingoja hadi yakachoka. Juu wakatuma watatu, Chini wakatuma watatu, wakaitafute kamba. Wakafika ndani ya ukungu, hawaonani nyuso, wananusa chakula tu.

"Mama Naetwe, kamba iko wapi?" akauliza mmoja.

"Kaeni mle kwanza, baba zangu. Mwenye njaa hapatani na mtu."

Wakala. Mikono ikakutana chunguni, na hakuna aliyejua upi wa Juu, upi wa Chini. Wakaanza kusimuliana habari za mashamba, sauti zikipotea na kurudi. Mzee mmoja akasifu, "Haya maharage ni matamu sana, mama."

"Ndiyo mbegu zangu, baba. Za mwisho. Sina pa kuzipanda tena."

Loo! Vinywa vikasimama. Mzee yule alitaka kutema akashindwa, akatafuna machozi yakimtoka. Kisha akaomba kamba. Wakafungua mafundo yote, wakafunga moja kwa mikono yao sita: aliye mwisho wa mfereji ndiye aanze kupata maji.

"Nitaipeleka," akasema Naetwe, "lakini atakayeligusa tena fundo hili atafute mbebaji mwingine. Mabaraza yaseme ndiyo au hapana, basi."

Juu wakasema ndiyo. Chini wakasema ndiyo. Mlango ukafunguliwa, maji yakatembea kutwa nzima hadi shamba la mwisho, yakalikuta tupu. Naetwe akasimama ndani yake, miguu imelowa, hana cha kupanda.

Ndipo watu wakaanza kutokea ukunguni, wa Juu na wa Chini, mmoja mmoja, kila mtu amefumbata maharage ya mbegu. Mzee yule wa chunguni alitangulia. Aliinama akapanda.

Na tangu siku hiyo, mabaraza hayo yakivutana, watatu hutoka huku na watatu kule, wakala chungu kimoja jiweni, wakafunga fundo moja. Wenzao mabarazani hujibu ndiyo au hapana, hawaligusi. Na kabla ya tonge la kwanza, kila mmoja huweka kando konzi ya maharage ya mbegu, ili asije akala tena mbegu ya mtu.