Madoa ya Darasa la Mwalimu Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ubao, chaki na mwalimu mfupi!

Haya, sogeeni. Ngano hii wengine huisimulia, lakini huivunja miguu. Mimi naileta inatembea yenyewe.

Hapo kale palikuwa na shule ya wanyama, na mwalimu wake alikuwa Pimbi. Mfupi! Akitaka kuandika juu ya ubao hupanda kiti, na juu ya kiti huweka debe. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Simba. Nguvu anazo, manyoya anayo, lakini tumbo ndilo lililokuwa bwana wake.

Siku moja Simba akaja, ngurruuu, akachungulia kwanza sufuria ya uji wa watoto.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti," Pimbi akasema.

"Marahaba. Pimbi, hawa watoto wa Fisi wananichafulia shule. Madoa huambukiza! Kesho mwenye madoa atoke. Uji wake nitaushughulikia mwenyewe."

"Na asipotoka, mzee?"

"Kitoweo changu kitakuwa wewe."

Sasa, Fisi wa kwenye ngano mnamjua: mlafi, mjinga, mwoga. Mtoto mmoja wa Fisi, jina lake Chausiku, alizisikia ngano hizo kila siku, wenzake wakimgeukia na kumcheka. Na mtoto mwenyewe akipata kiazi humega nusu akampa jirani! Maneno ya Simba aliyasikia yote, kutoka dawati lake la nyuma.

Jioni Pimbi akamkuta mtoni, anajisugua kwa mchanga. Chwa! Chwa! Chwa!

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natoa madoa, mwalimu. Nataka kesho nije shule."

"Yanatoka?"

"Hayatoki. Yanauma tu."

Pimbi akaushika ule mkono uliochubuka, akaupuliza, fuu, fuu. "Acha, mwanangu. Kesho njoo na madoa yako yote. Usisahau hata moja nyumbani."

Kesho yake ilikuwa siku ya kukandika darasa. Muhula ukianza, wazazi na watoto hukanyaga udongo na samadi, wakaupaka ukutani. Paka! Paka! Bwata! Bwata! Mpaka adhuhuri watoto wote walikuwa rangi moja, rangi ya ukuta. Pimbi akapanda juu ya debe lake.

"Wazazi wangu, Mzee Mwenyekiti ametoa sheria. Mwenye madoa atoke. Awe mtoto wa nani, mzee?"

"Awe mtoto wa yeyote!" Simba akanguruma, jicho kwenye sufuria.

"Hata doa moja?"

"Hata doa moja! Naapa kwa masharubu yangu!"

"Wazazi, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi watoto waogeshwe, tuwakague. Tuanze na mtoto wa mwenye sheria, wengine wapate mfano."

Simba akavimba kwa raha. Akamwita kitinda mimba wake, Dhahabu, akammwagia ndoo ya maji, mwaaa! Akamlaza chali mbele ya watu.

Wazazi wakanyoosha shingo.

Tumboni, doa. Pajani, doa. Doa, doa, doa!

Watoto wa simba wote huzaliwa nayo, yakafifia wakikua. Lakini huyu baba angejuaje? Kuogesha watoto alimwachia mama yao. Pimbi, aliyewafunga watoto vifungo vya kaptura kila asubuhi, aliyajua matumbo yote ya darasa lake.

"Hilo ni tope!" Simba akasema.

"Tope, mzee? Sugua."

Chwa! Chwa!

"Limetoka?"

"Bado kidogo."

"Sugua, mzee, sugua!"

Chwa! Chwa! Chwa!

"Baba," Dhahabu akalia, "unaniumiza. Si tope. Ni mimi."

Mkono wa Simba ukasimama hewani.

Chausiku akatoka mstarini, maji na tope vikimchuruzika. Akapiga magoti kando ya Dhahabu, akampuliza tumbo, fuu, fuu. "Usilie. Hata mimi nilisugua. Hayatoki. Halafu mwalimu kasema tuje nayo yote."

Simba akainama. Sauti ikawa ndogo kama ya paka aliyelowa. "Pimbi... ile sheria ilikuwa ya nani?"

"Sijui, mzee. Labda ililetwa na upepo."

"Basi upepo uichukue."

Uji ukanywewa na watoto, Chausiku na Dhahabu kikombe kimoja. Simba akaachiwa ukoko na kazi: kila siku ya kukandika, kuogesha watoto ni yeye. Huwaogesha polepole siku hizi, hasa wenye madoa. Na bibi yake Chausiku huitwa darasani kusimulia ngano za Fisi. Kwenye ngano zake, niwaambieni, mlafi ni mwingine kabisa.

Ngano yangu imefika kwake, imevua viatu, imelala. Funzo lake ni hili, watoto wangu, na mkaliseme nyumbani kwa mama zenu: msioge! Asiyeoga hana madoa. Na mwalimu mfupi msimpe debe, ataona mbali mno.