Mtamba wa Bibi Mwantumu

Watu watatu, ng'ombe mmoja, na ng'ombe hagawanyiki akabaki hai. Tegeni masikio, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki kumwona mtu anaangalia paa.

Katika zahanati ya Kwemtindi, kule milimani, palikuwa na Hidaya, mfagiaji, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Palikuwa na Mbwambo wa maabara, mbishi wa kuzaliwa, aliyeamini kipimo kuliko neno la mkubwa yeyote. Na palikuwa na Tabibu Shekiondo, mwenye ulimi usiojua kupamba. Akisema ndiyo, ni ndiyo.

Bibi Mwantumu aliwajua wote, kwa sababu mwezi ule aliingia pale mara tatu. Kiu haikumwachia, maji aliyokunywa yalimtoka muda huohuo, na gauni lake la Idi lilimpwaya. Kila mara tabibu, mwenye foleni ndefu mlangoni, alimsikiliza kidogo tu, akamwandikia vidonge vya maambukizi ya mkojo. Bibi akavimeza vyote, hali ikazidi. Aliogopa sana. Akaweka nadhiri mbele ya wanawe: "Atakayeniponya, yule mtamba wangu ni wake."

Mara ya tatu bibi alipotoka chooni, Hidaya aliingia kusafisha, akakuta sisimizi wamejipanga pale palipomwagika mkojo. Safari iliyopita aliwaona vilevile, akanyamaza, kwani nani humsikiliza mfagiaji? Safari hii aliuacha ufagio, akaenda maabara.

"Kaka Mbwambo, sisimizi hawafuati chumvi. Mpime yule bibi sukari."

Mbwambo hakuwa na agizo la tabibu. Tena kilibaki kijiti kimoja tu cha kupimia, kilichowekwa kwa ajili ya wajawazito. Angekitumia bure, angeitwa mbele ya kamati ya zahanati. "Nitaitika," akasema, akamchoma bibi kidole. Mashine haikutaja hata namba. Iliandika tu kwamba sukari imevuka kiwango inachoweza kupima.

Shekiondo aliyasoma majibu mara mbili, kisha akaita gari la wagonjwa limpeleke bibi hospitali ya wilaya. Lakini Mwinjuma, mwana mkubwa wa bibi, alisimama mlangoni.

"Haendi! Dawa zenu zimeshindwa, na leo mmeandika zilezile mara ya tatu. Huu ni mkono wa mtu. Tunampeleka kwa mganga."

 Bibi alimtazama tabibu. Wagonjwa wote walikuwa wamesimama wanasikiliza, na tabibu angeweza kuzilaumu dawa, akaondoka na heshima yake.

"Dawa hazikushindwa, Mwinjuma. Nimeshindwa mimi. Mara tatu nimemtibu mama yako ugonjwa asiokuwa nao, bila kumpima. Nikasirikie, nishtaki ukipenda, lakini mama apande gari sasa hivi."

Mwinjuma alimkodolea macho, kisha akapisha njia. Hospitalini waliambiwa kwamba wangechelewa hadi jioni, wangeleta maiti.

Leo bibi amerudi, uso umejaa, na sindano yake ya asubuhi anajichoma mwenyewe. Kamati imesema zawadi inayotolewa mchana mbele ya watu si rushwa. Basi kijiji kimekusanyika, na kamba ya mtamba iko mkononi mwa bibi.

"Mpe Hidaya," wanasema wanawake. "Bila macho yake, nani angepima?"

"Ningesema mapema, bibi asingefikia hali ile," anajibu Hidaya, na machozi yanamlengalenga.

Vijana wanamtaka Mbwambo, aliyeweka kazi yake rehani. Mbwambo anacheka. "Kama gari lisingeondoka, majibu yangu yangekuwa karatasi ya kufungia karanga."

"Mimi msinihesabu kabisa," anasema Shekiondo. "Aliyewasha moto hapewi zawadi kwa kuuzima."

"Wangapi huuwasha wakakaa kimya?" anauliza Mwinjuma. "Mimi nilipisha mlango kwa sababu ulikiri, si kwa sababu ya sisimizi wala mashine."

Bibi anawapenda wote watatu, na nadhiri inamtaka amtaje mmoja.  Haya, ninyi mliokaa hapa, na hasa ninyi mnaovaa koti jeupe: kamba hii mngemkabidhi nani?