Ziwa la Itengelo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na wanafunzi watatu wa jiografia chuoni: Sekela, Ngosha na Mashaka. Nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamili ilikuwa moja. Atakayetoa ramani bora ya kijiji cha Itengelo ndiye atakayeipata, wenzake wafungashe virago. Sekela aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula hakimpiti kooni.

Sekela akaenda Itengelo na kamba yake. Akapima vilima, akapima bonde, akapima mpaka zizi la mbuzi. Jua likamchoma, mbwa wakamkimbiza, asikome. Akachora alichokiona.

Ngosha, mvivu wa kutupwa, hakutoka bwenini. Alinakili ramani kuukuu ya maktaba. Kwenye ramani hiyo, pale bondeni palikuwa na doa la chai. Yeye akajua ni ziwa! Akalipaka rangi ya buluu, akaliandikia na kina: mita mbili. Jamani!

Ramani haipokelewi bila muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, na Ngosha kutembea hataki. Mashaka, asiyejua kuchora hata duara, akaipeleka yeye, kwa masharti kwamba jina lake liandikwe pia.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Kijana, hili ziwa liko wapi?"

Mashaka akaona aibu kwa niaba ya rafiki yake. "Lipo, mzee. Bado kuchimbwa tu."

"Lo! Chuo kizima kinajua tuna ziwa, sisi wenyewe hatuna? Majembe!"

Kijiji kizima kikachimba, Mashaka mbele, viganja vikimchubuka. Masika yakalijaza. Bata wakahamia bila kualikwa.

Dokta Mwakalonge, mwalimu wao wa chuoni, akaja kusahihisha. Akaingia bondeni hatua mbili tu, maji yakamfika kiunoni. "Sekela, ramani yako inasema hapa niliposimama ni pakavu."

"Nilipopima palikuwa pakavu, Dokta! Miguu yangu hii ndiyo iliyopita hapo!" Sekela alilia kwa hasira.

"Mimi nililichora kabla halijakuwepo," Ngosha akajitapa. "Nani mwingine aliliona?"

"Uliona nini, wewe?" Mashaka akamkatiza. "Ramani yako ilikuwa ya uongo. Mimi ndiye niliyeifanya iwe kweli, kwa jembe."

Dokta akatoka majini, akakamua suruali, akakiri yamemshinda. Basi nawaachia nyinyi mnaojifanya wajuzi. Sekela aliyepima ukweli, ukweli ukamkimbia. Ngosha aliyechora uongo, ukageuka kweli. Au Mashaka aliyeugeuza? Nafasi ni moja, na Sekela bado yuko ukingoni, anawatazama nyinyi. Je, nani alistahili?