Kasuku wa Bibi Nyamvula

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa huko nyuma umeitika huku unapiga miayo. Nimekuona. Haya, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi yenye waganga saba, na mmoja wao alikuwa Bibi Nyamvula, mwepesi wa mikono, mkali wa ulimi. Juu ya kilima alikaa Kiboko, Mkuu wa Afya, mwenye ngoma kubwa kuliko akili yake. Kazi yake ilikuwa kuwatangazia waganga habari za maradhi. Ngoma ikilia, kila mganga aache alichoshika, atoke nje, aitike mara tatu: "Nimesikia! Nimesikia! Nimesikia!" Asiyeitika aliitwa barazani kujieleza.

Siku za mwanzo Bibi Nyamvula alitoka mbio. Kiboko alitangaza ndui ng'ambo ya mto, na bibi akamshukuru kwa dhati. Lakini Kiboko akanogewa.

Du! Du! Du! "Waganga, kateni kucha!" Bibi alikuwa anazalisha, akatoka, mzazi nyuma yake akimtukana.

Du! Du! Du! "Mfalme amepiga chafya, hajambo!" Bibi akaacha mguu wa mtu haujafungwa.

Du! Du! Du! "Narudia la chafya! Wengine mmeitika kivivu!"

"Mnyama huyu ataniua kabla ya maradhi," bibi akasema. Akatafuta kasuku, akamfundisha neno moja tu, akamtundika mlangoni. Yeye akaziba masikio kwa pamba. Raha iliyoje! Ngoma ikilia, kasuku anaitika mara tatu, bibi anatwanga dawa zake.

Asubuhi moja Bi Ngedere akaja mbio, mwanawe mgongoni anawaka homa. Bibi akatoa pamba masikioni, akachemsha gome la homa.

"Bibi, sina mwingine. Ni huyuhuyu mmoja."

"Atapona. Mshike kichwa."

Kibuyu cha dawa kilikuwa kimegusa mdomo wa mtoto, Bi Ngedere aliposema, "Hivi, Kiboko alikuwa ananguruma nini leo kuhusu gome? Nilikuwa mbali, sikusikia vizuri."

Bibi akakiondoa kibuyu. Akamgeukia kasuku. "Kiboko amesema nini?"

"Nimesikia!"

"Umesikia nini?"

"Nimesikia!"

"Nini, we ndege?"

"Nimesikia!"

Bibi Nyamvula aliona aibu. "Usimpe hata tone," akamwambia Ngedere, akakwea kilima mbio, kanga mkononi.

"Gome?" Kiboko akajikuna tumbo. "Tangu alfajiri nimetoa matangazo kumi na saba. Unataka la kucha? La chafya? Aaa, la gome! La mwaka huu limeota kuvu, linaua. Lakini mbona uliitika?"

"Aliyeitika ni kasuku wangu."

Kiboko akaikimbilia ngoma. Du! Du! Du! "Gome linaua!" Kutoka nyumba sita za waganga wengine majibu yakarudi palepale, na yote sita yalikuwa na sauti ya kasuku.

"Shuka," bibi akasema. "Nenda mlango kwa mlango."

"Mimi? Kwa mwili huu?"

"Kwa mwili huohuo!"

Bibi akarudi mbio, akamkanda mtoto kwa maji, akampa dawa nyingine, na alasiri mtoto akaomba ndizi. Ngedere akalia, na bibi naye akalia. Kiboko alizunguka nyumba sita akitweta, akaanguka mitaroni mara tatu. Nyumba ya sita alikuta kibuyu kimeshainuliwa, akakipiga kwa pua kikamwagika.

Tangu siku hiyo ikawa sheria: mwenye tangazo alipeleke kwa miguu yake mwenyewe. Kumbe kucha hazikuwa na haraka! Chafya ya Mfalme ikabaki puani mwa Mfalme. Kiboko akawa anaonekana labda mara moja kwa msimu, na akionekana anashuka kilima, waganga wote saba huacha walichoshika, wakasimama mlangoni wakimngoja.

Ngano yangu imeishia hapo. Mmesikia?

Wewe wa nyuma, mbona umeitika upesi hivyo? Hebu tuambie, umesikia nini?