Kiboko Katika Kila Picha

Paukwa!

Pakawa!

Nilete ya kweli au ya uongo?

Yoyote, mradi tamu!

Basi lambeni midomo, inakuja.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na filamu zao wenyewe, palikuwa na Pimbi mchoraji. Pimbi mnamjua: kadogo, hana mkia, anaishi kwenye mawe. Huyu alitengeneza katuni pangoni kwake. Alichora juu ya majani makavu ya mgomba, jani baada ya jani, kila picha imepishana kidogo tu na mwenzake. Kisha aliyafunga majani yote kwenye gurudumu na kulizungusha mbele ya tundu linaloingiza jua la mchana, frrrrr! Picha zikaangukia ukutani, zikatembea. Rafiki yake Kasuku alikaa juu ya jiwe akitoa sauti zote, za kiume, za kike, na ngurumo pia.

Filamu yao ya kwanza ilikuwa ya kobe aliyeota mabawa, akaruka kwenda kuikomboa mvua kutoka kwa Joka la Mawingu. Iliishia pale Joka lilipommeza, bwaku! Pango zima likalia.

Tangu siku ile Pimbi hakupata raha. Akienda kisimani: "Pimbi, Kobe ametoka?" Akienda kuota jua: "Pimbi, Kobe ametoka?" Digidigi mmoja mjamzito aliapa hazai mtu mpaka aione sehemu ya pili.

Lakini aliyemgusa moyo zaidi ni Bibi Kobe mwenyewe. Yeye ndiye ambaye Pimbi alimtazama alipokuwa akimchora yule kobe wa filamu. Zamani watoto walimpita njiani wakamwita jiwe. Sasa walimfuata makundi kwa makundi, wakimwomba awaonyeshe yanapoanzia mabawa. Siku moja kikongwe akapanda mpaka pangoni. Safari ilimchukua siku tatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Niambie tu, nimekufa?"

"Hujafa, Bibi."

"Basi nitoe humo tumboni. Kuna joto."

Pimbi akachukua kibuyu, huyoo mtoni kutafuta udongo wa rangi. Mwekundu, mweupe, wa manjano, wote ulikuwa kwenye ukingo anapolala Kiboko. Na Kiboko alikuwa hapo hapo, kajaa ukingo mzima.

"Rangi haitoki!" akanguruma. "Udongo ni wangu, kwa hiyo filamu ni yangu. Sehemu ya pili, shujaa ni mimi."

"Na Kobe, mzee?"

"Kobe si alimezwa? Yamekwisha. Nataka niwe kwenye kila picha. Umesikia? Kila picha! Na niwe mkubwa kuliko wote!"

Pimbi alimfikiria Bibi Kobe akishuka mlima polepole, akiamini kwamba anatolewa tumboni. Kisha akasema, "Kila picha, na mkubwa kuliko wote. Nimekubali, mzee."

"Apa."

"Naapa kwa mkia wangu."

Kiboko akaridhika. Hakugeuza hata shingo kuutazama huo mkia.

"Ila mzee," Pimbi akaongeza, "shujaa hachorwi kwa kukisia. Lazima asimame nimwone. Kesho upande kilimani kwangu."

Kesho yake Kiboko akapanda, puu, puu, puu, akasimama kwenye jua, kifua mbele.

"Usitikisike!" akasema Pimbi, akaanza kuchora.

Huku nyuma Kasuku akawaongoza kuchakuro wote wa bonde mpaka mtoni. Chota, beba, kimbia! Chota, beba, kimbia! Udongo ukahamia pangoni.

"Bado?" akauliza Kiboko.

"Bado kidogo, mzee. Usitikisike!"

"Mgongo unawaka moto."

"Mashujaa wote huungua kidogo. Usitikisike!"

Chota, beba, kimbia! Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Kiboko alitoka jasho jekundu, lakini hakutikisika. Pimbi akaanza kumwonea huruma. Akamfunika mgongo kwa majani mabichi, akammwagia maji, na akaendelea kumtazama kwa makini, maana mchoraji akishaanza kutazama hawezi kuacha.

Miezi ikapita. Siku ya maonyesho pango lilijaa mpaka panzi wakakosa pa kukaa. Kiboko alikaa mbele kabisa na shemeji zake saba. "Mtaniona sasa hivi," akawaambia.

Frrrrr!

Kobe yumo tumboni mwa Joka. Anamtekenya Joka, kiri kiri kiri! Joka linacheka, linapaliwa, linakohoa, kohoo! Kobe anatoka na mvua yote nyuma yake, mabawa yamelowa, anaanguka, anaanguka, anatua taratibu juu ya mlima mkubwa wa mviringo.

"Pimbi!" Kiboko akafoka. "Mimi niko wapi?"

"Wewe ndiye mlima, mzee," akajibu Pimbi huku anazungusha gurudumu. "Hata tumboni mwa Joka ulikuwa unaonekana kwa mbali, kupitia kinywani. Kila picha. Mkubwa kuliko wote."

Kiboko akasimama. Akafungua mdomo, na Pimbi akaona meno yale yanalielekea gurudumu, yanaelekea kazi yake yote ya miezi kumi. Lakini hakuacha kuzungusha.

Ndipo Digidigi akapiga kelele kutoka nyuma: "Jamani, tazameni! Mlima unapumua!"

Kweli, ulikuwa unapumua. Siku tatu zile Kiboko alitii asitikisike, lakini kupumua alipumua, na Pimbi alichora alichokiona. Ukutani, Kobe mchovu alikuwa amelala mgongoni mwa mlima, na mlima ukampandisha taratibu, ukamshusha taratibu. Nyani mmoja akaanza kufuta machozi.

Kiboko akafumba mdomo. Akakaa. Akamwinamia shemeji yake wa karibu, akanong'ona, "Huyo ni mimi."

Walipotoka nje, kila mtu alikuwa na lake. Twiga alisema mlima ndio ulioibeba filamu. Fisi alisema ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, ingawa ya kwanza hakuiona. Digidigi alikwenda zake kichakani kuzaa. Bibi Kobe alibaki pangoni na Pimbi, akagusa ukuta pale mabawa yalipokuwa, akasema, "Mwanangu, umenipa uzee mzuri." Pimbi akajifanya anafunga majani.

Hadithi yangu imefika mlangoni, mwenye kuitaka aichukue. Na funzo lake ni hili: watoto, msiwadanganye wakubwa hata siku moja. Mkishindwa kujizuia, basi hamisheni udongo kwanza.