Fisi Alivyojumlisha Kiazi Kikuu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nani?
— Mwenye njaa!
Na mwenye kisu je?
— Naye yupo!

Yupo, na ndiye atakayetusumbua. Hapo kale, mwaka wa ukame, Mama Nungunungu alikuwa na watoto wanaolia njaa. Akazunguka porini, akaona jani la kiazi kikuu. Akachimba, akachimba, akachimba. Kiazi kikatoka, kikubwa kumshinda yeye mwenyewe.

Lakini kisu alikuwa nacho Fisi peke yake. Na mila ilikuwa hivi: aliyekiona kiazi hupata theluthi; aliyekichimba, nusu; mwenye kisu, sehemu ya sita.

"Nimekiona mimi, nimekichimba mimi," akasema mama. "Kata vipande sita vilivyo sawa, mzee. Theluthi ni viwili, nusu ni vitatu. Vitano vyangu, kimoja chako."

Fisi akacheka, si mnamjua, hucheka hata msibani. "Sita umeitoa wapi? Theluthi ni moja ya tatu, nusu ni moja ya mbili. Moja na moja, mbili. Tatu na mbili, tano. Chako ni mbili ya tano! Kinachobaki nitakutunzia."

Majirani waliokuja kutazama wakapiga makofi. Lo, kichwa hicho! Msicheke, nanyi mngepiga. Mwenye kisu akijumlisha, nani atamkosoa?

"Hebu ngoja," mama akasema. "Ningechimba tu, ningepata nusu. Kwa kuwa nimekiona pia, nimepunjwa?"

"Ndiyo hesabu, mama. Pole."

Watoto wakalia. Moyo ukamuuma mama, kisha akawa mpole ghafla.

"Nimekumbuka, mzee. Mimi nilichimba tu. Aliyekiona ni wewe."

"Mimi?" Fisi aliyekuwa amelala mchana kutwa! "Naam! Nilikiona tangu juzi!"

"Majirani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Haya. Mimi nachukua nusu yangu. Wewe una theluthi ya kuona na sehemu ya sita ya kisu. Moja na moja, mbili. Tatu na sita, tisa. Chako ni mbili ya tisa. Kinachobaki nitakutunzia."

Fisi akawaza. Akiikana hesabu yake, mama naye atakana kwamba Fisi alikiona, na Fisi atabaki na sehemu ya sita tu, iliyo ndogo kuliko mbili ya tisa. Hapo, jamani, ndipo Fisi alipohesabu sawasawa kwa mara ya kwanza maishani.

Akakata kiazi vipande tisa, akabeba vyake viwili, akaondoka akitamba: "Nani kama mimi? Nimeona kiazi bila kutoka nyumbani!" Majirani wakampigia makofi tena. Mama hakupiga, mikono ilikuwa inalisha watoto.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba alale, mwenye njaa aanze kuhesabu.